Maharage ya Bunju na Ulimi Ulioufyata

Kwako uliyekuwa mchumba wangu,

Sikuulizi hali, maana watu wa aina yako hawaharibikiwi. Nakuandikia hadharani kwa kuwa faraghani nilishasema sana, nawe ulikuwa ukiitikia "sawa mpenzi" huku macho yako yako kwenye mpira.

Unakumbuka ulivyojifanya daktari wangu? Tumbo lilikuwa linajaa gesi na kunisokota. Siku nyingine linafunga, siku nyingine linanikimbiza chooni nikiwa katikati ya kikao kazini. Wewe ukaamua ni vidonda vya tumbo, kwa sababu Dar es Salaam kila anayeshika tumbo ana vidonda. Ukawa unanijia Tegeta jioni na maziwa. "Kunywa yote, yanapoza," unasema, umesimama mlangoni kama nesi wa zamu. Nikanywa, nikavimba kama andazi. Ukaleta na unga wa mizizi kutoka kwa muuzaji mmoja anayejinadi kwa kipaza sauti. Nao nikanywa, maana nilikupenda.

Hatimaye nikaenda hospitali Kinondoni, ukanisindikiza. Vipimo havikuonyesha kidonda chochote. Daktari, mama mmoja mpole, akatueleza kwamba utumbo wangu ni mwepesi kuudhika, na kwamba tiba kubwa ni kujua kinachouudhi. Niache kwa wiki chache maharage, vitunguu, maziwa, kabichi na vyakula vya ngano, kisha nivirudishe kimoja kimoja, nitazame tumbo linasemaje. Nile kidogo kidogo, nipunguze mafuta, nisiruke mlo. Uliitikia kwa kichwa mpaka nikaihurumia shingo yako. Tulipotoka ukanirudia kila neno kana kwamba wewe ndiye uliyesomea.

Na nilipata nafuu. Nikala wali, samaki, mchicha na ugali, nikaweza kuvaa tena sketi niliyokuwa nimeisusa. Nikagundua chapati moja naivumilia, mbili hapana, na kwamba kitunguu ndicho adui yangu mkubwa. Siku moja ulinipikia mchuzi wa samaki bila kitunguu. Haukuwa na ladha yoyote, tukacheka, tukaula hivyo hivyo. Siku ile nilidhani nimepata mume.

Kisha ukanipeleka Bunju kwa mama yako, nikatambulishwe. Tulishakubaliana. Mchumba hasimami ukweni kueleza habari za tumbo na choo. Huo ni utovu wa adabu, hata kwenu mlikotoka Moshi mnalijua hilo. Mwenye kwao, yaani wewe, ndiye husema. Ukaniahidi, "Mama nitamwambia kabla hatujafika. Wewe usiwaze."

Mama yako alikuwa amepika tangu asubuhi. Ndizi zimepondwa na maharage, vitunguu vya kutosha, na kikombe cha mtindi kimejaa hadi ukingoni. Nikakutazama. Ukatazama sahani yako. Nikakugusa mguu chini ya meza, ukausogeza mguu.

"Mkwe mbona hali?" mama akauliza. "Au chakula chetu cha kishamba?"

Shangazi yako akadakia, "Hawa wa mjini wanaogopa kulishwa dawa, wifi. Si unawajua?"

Watu wakacheka. Hapo ndipo ulipotakiwa kusema sentensi moja tu: mama, maharage na maziwa yanamuumiza. Badala yake ukacheka nao, ukasema, "Mwacheni, ana madeko huyo."

Madeko! Mwanamume mzima, unayebishana na refa kupitia televisheni, unayefokea makonda, mbele ya sufuria ya mama yako ukafyata ulimi. Jogoo la shamba haliwiki mjini, tumezoea. Wewe ni jogoo wa mjini usiyewika kwa mama.

Nikala ili nikuokoe. Nikala vijiko kadhaa, nikanywa nusu ya mtindi, na kabla vyombo havijatolewa nilikuwa chooni, dada zako wanasikiliza. Nilirudi Tegeta nimejikunja kwenye bajaji. Wiki iliyofuata ukanifikishia hukumu kama tarishi: "Wazee wamesema mke asiyekula kwetu hawezi kukaa kwetu." Nikakuuliza wewe unasemaje. Ukasema ndiyo hivyo, familia imeshaamua.

Nililia, usijisifu. Nililia kwa hasira ya kuumwa bure kwa ajili ya mtu bure.

Sasa nikupe habari ambayo huna. Jumamosi iliyopita nilikwenda Bunju peke yangu. Niliona heri niitwe msichana asiye na adabu kuliko kuachwa na jina la mwenye maringo. Nikamwamkia mama yako shikamoo, nikakaa, nikamweleza yote: tumbo, daktari, vyakula, na ahadi uliyonipa. Maji ya chai yalikuwa hayajachemka, nikawa nimemaliza.

"Ni hilo tu?" akauliza. "Mie nililala nawaza mkwe amenidharau."

"Ni hilo tu, mama."

Akainuka. Akanipikia wali na samaki wa kuchoma, akapasua ndimu, kitunguu akakiweka mbali kabisa kana kwamba kina sumu. Tukala wawili. Nilikuwa sijawahi kula kwenu nikashiba.

Tukiwa bado tunakula akaniuliza, "Na mwanangu je? Humrudii?"

"Mama," nikamwambia, "aliniona naumwa, anajua kwa nini, akacheka."

Nikangoja amtetee mwanawe. Mama yeyote angemtetea. Mama yako alinitazama, kisha akachukua upawa, akaniongezea wali.

Baki salama na kimya chako,

Aliyekuwa mchumba wako