Milango Imefunga, Leso Bado

Jinja,
Ijumaa, baada ya sala

Mama Zaituni, mke wangu,

Assalamu alaikum. Wewe hujambo, na Zaituni hajambo? Na goti la mama limepoa, au bado analificha ili asipelekwe hospitali? Mimi ni mzima. Nimenenepa kidogo kwa matoke, usicheke, suruali ile ya kijivu uliyonishonea sasa nafunga kifungo cha juu kwa kushika pumzi.

Barua yako niliipata kwa mkono wa dereva wa lori la chumvi. Ulisema huwezi kumlea mtoto mahali ambapo bunduki zinasimama barabarani. Sikukujibu upesi kwa sababu sikuwa na jibu, na hata kazi yangu yenyewe ilikuwa inaning'inia. Leo jibu ninalo, ila ni refu na linapitia ndani ya milango ya gari. Kwa hiyo kaa kitako, mpe Zaituni kipande cha muwa, ndipo usome.

Nilikueleza habari za Bwana Popat, Mhindi ninayemfanyia kazi ya udereva na ufundi. Yeye ni katika wale Wahindi waliofukuzwa nchi hii zamani na sasa wameruhusiwa kurudi. Nyumba yake aliikuta haina hata dirisha moja, na jikoni umeota mpapai wenye matunda. Ametengeneza nyumba, amefungua duka lake la vitambaa, kilichobaki ni mkewe, Mama Shanta, aliye Uingereza kwa binti yao. Mama huyo alikuwa ameapa harudi. Bwana Popat akaniambia waziwazi kwamba mkewe akikataa, naye anafunga duka na kuondoka, maana amechoka kula peke yake akitazama ukuta. Duka likifungwa mimi narudi Kisauni na begi langu, na kile chumba cha hapa Jinja nilichokupakia chokaa anaingia mtu mwingine.

Sasa sikiliza sharti la Mama Shanta. Siku walipofukuzwa, njiani kwenda uwanja wa ndege, walisimamishwa na askari. Bwana Popat alikuwa amefunga milango mitatu ya gari kwa mkono wake na kuusahau wa nne, ule wa nyuma aliokaa mkewe. Ukafunguliwa, mkono ukaingia, bangili alizopewa na mama yake zikavuliwa mkononi mwake moja baada ya moja. Kwa hiyo alipokubali kuja kutazama nchi kwa mwezi mmoja, alisema kwenye simu kwamba atapanda gari ambalo milango yote inajifunga kwa mara moja. Hataki tena kutegemea kumbukumbu ya mtu. Bwana Popat aliniambia hayo akiwa ananyoosha vitambaa ambavyo tayari vilikuwa vimenyooka.

Gari alikwisha kulinunua, la Kijerumani, kuukuu, na aliyeliuza aliapa kwamba loki zake zinafanya kazi. Labda zilifanya kazi huko Ujerumani. Gari la namna hii halifungi milango kwa umeme, linafunga kwa upepo: injini inavuta hewa kwa paipu nyembamba hadi kwenye kikopo cha mpira kilicho ndani ya kila mlango, mpira unavutika na kushusha pini ya loki. Dereva akishusha pini yake, nyingine zote zinafuata. Nilipofungua milango nikakuta mipira yote minne imepasuka kama nyayo za baba yangu.

Kampala spea zipo, ila mwenye duka alipotaja bei, Bwana Popat alimuuliza kwa adabu kama na gari limo ndani yake. Nairobi wakasema watuagizie tungoje, na Mama Shanta tiketi keshakata. Nikajaribu kukata mpira wa tyubu ya baiskeli, ukawa mgumu, pini inatikisika tu pale pale kama mtu anayetaka kusema kitu akaghairi. Ndipo fundi mmoja wa redieta akanidokeza kwamba gari kama hilo liko Mbale, mtaa wa Nabuyonga, uani kwa mjane mmoja anayeitwa Hajati Mariamu, halijatembea tangu vita.

Nikaenda Mbale. Na hapa, mke wangu, nilifanya kosa ambalo mtu wa pwani tu ndiye angelifanya. Nilivaa ovaroli yangu ya kaki, nikasimama mlangoni kwa yule mama, nikapiga hodi kwa sauti kubwa kama tunavyopiga kwetu, na kwa Kiswahili kilichonyooka nikasema nimekuja kuangalia gari. Ndani kulikuwa na watu wanacheka. Kicheko kikakatika. Nikasikia komeo likisukumwa, kisha sauti ya mwanamke ikasema hakuna gari hapa. Nami gari naliona, mbele yangu, limekaa juu ya matofali, na jogoo juu ya boneti ananitazama.

Nilibaki nimeduwaa. Kwetu hodi ni heshima. Kumbe hapa, kwa miaka mingi, mwanamume mwenye nguo za kaki akija mlangoni na Kiswahili akauliza habari za gari, alikuwa hakuja kununua. Niliona aibu, si kwa nilichofanya, kwa kile nilichofanana nacho. Nikaondoka polepole ili asisikie kishindo cha viatu.

Nilikwenda msikitini, nikasali alasiri, nikamweleza imamu shida yangu. Alicheka mpaka akafuta macho, akaniazima kanzu yake, fupi kwangu, tukarudi pamoja, naye akabisha hodi kwa Kigisu, lugha ya huko. Hajati akatoka. Ni mama wa makamo ya shangazi yako, mrefu, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Alinitazama kuanzia kofia hadi pale kanzu ilipoishia na ovaroli ikaanzia, akasema:

"Wewe naongea Kiswahili mzuri sana, ndiyo mimi naogopa. Askari yetu ilikuwa naongea mubaya, na ile mubaya ilitosha kutoa watu kwa nyumba."

Nikamwambia, mama, Kiswahili ndicho alichonibembelezea mama yangu, sina kingine. Akaniletea maji ya kunywa.

Tulipokaa akanihadithia. Wakati ule askari walipokuwa wanachukua magari ya watu, marehemu mumewe aliyatoa magurudumu ya gari lake mwenyewe akayazika migombani, kama walivyofanya wengi mtaani, kwa kuwa gari lisilotembea hakuna anayelitaka. Gari likapona. Mzee akafa kwa maradhi yake kabla hajasema alizika wapi, na mpaka leo Hajati akilima anatega sikio kusikia jembe limegonga nini. Ndani ya gari sasa wanalala kuku.

Nikafungua milango pale pale uani, kuku wananilalamikia. Mipira mitatu ilikuwa laini, kwa sababu gari lilikaa kivulini miaka yote. Wa nne, panya walikuwa wameutafuna. Nikauliza bei kwa sauti ya chini, maana fedha aliyonipa Bwana Popat nilijua haitoshi hata nusu ya bei ya Kampala. Hajati akasema milango ya gari lake niiache inafunga vizuri, kwa ajili ya kuku. Kisha akasema:

"Pesa hapana. Mimi nataka leso ya Mombasa, ile ya kweli. Lakini usilete wewe. Wanaume nachagua mubaya. Lete bibi yako, aniletee na mukono yake."

Nikamwambia mke wangu anaogopa kuja huku. Akasema hata yeye alikuwa ananiogopa mimi, na bado saa ile tulikuwa tunakunywa chai. Nikamega mkate.

Nilirudi Jinja na vikopo vyangu nimevifunga kwenye kitambaa kama mayai. Ule wa nne niliukata katika mpira wa ndani wa kandanda, ambao ni mwepesi kuliko tyubu. Ukakubali, ila kwa uvivu: pini za milango mitatu zinashuka, ta-ta-ta, na ya nyuma kushoto inapumua kwanza, kisha ndiyo inashuka. Nikaomba Mungu Mama Shanta akae kulia.

Alikaa kushoto. Tulimpokea Entebbe, mwanamke mdogo wa mwili, amevaa sari na sweta juu, mikono mitupu bila hata bangili moja. Nilishusha pini yangu, milango mitatu ikafunga, naye akaikazia macho ile yake mpaka ilipojishusha. Kampala tukaipita, mashamba ya miwa tukayapita, macho yake bado kwenye ile pini. Bwana Popat anamwonyesha hiki na kile, naye mkewe anaitikia kwa kichwa tu.

Darajani, kabla ya kuingia Jinja, kuna kizuizi. Sikudanganyi, Mama Zaituni, bunduki zipo, na mimi mwenyewe nilipunguza mwendo kabla sijaambiwa. Askari akaja upande wangu, akanisalimu, akauliza nimebeba nini. Kisha akainama, akatazama nyuma, akauliza kwa upole, "Mama natoka wapi?"

Bwana Popat akafungua kinywa kumjibia. Mkewe akamgusa goti anyamaze. Akajibu mwenyewe, kwa Kiswahili ambacho sidhani alikuwa amekitamka tangu siku ile ya bangili: "Mimi natoka mbali. Sasa naenda nyumbani yangu, Jinja."

Askari akasema haya, karibu mama, akatufungulia. Tukavuka daraja, maji meupe chini yetu. Tulipofika upande wa pili nikasikia sauti nyuma yangu:

"Dereva. Mlango yangu iko vivu sana. Wiki hii tengeneza."

Bwana Popat alicheka kwa sauti ambayo sijapata kuisikia dukani. Aliniambia baadaye kwamba mkewe hagombi na kitu asichokusudia kukaa nacho. Na kweli, mwezi wake umekwisha naye yuko hapa, amekwisha kugombana na mshona mapazia, muuza maziwa na ule mpapai wa jikoni uliochipua tena. Duka lipo. Kazi ipo. Chumba ni chako, kina dirisha linalotazama mto, na shule ya Zaituni ni kutembea kidogo tu.

Nisalimie mama mkwe, mwambie goti halipoi kwa kufichwa. Msalimie shangazi mpika mahamri, nimeota mahamri yake nikaamka na njaa. Msalimie mdogo wangu mkata tiketi za basi, na akukatie ya kwako kiti cha mbele. Jirani yetu fundi saa mwambie ile yangu bado inakimbia mbele.

Sitakwambia hakuna hofu huku, kwa sababu mlango mmoja wa gari bado unafunga kwa kuchelewa na Hajati bado anatega sikio akilima. Nakuomba jambo moja tu. Nenda sokoni uchague doti ya leso, ile ya kweli, uilete mwenyewe. Maneno yake yasome vizuri kabla hujanunua. Yule mama Kiswahili alichokisikia maisha yake yote ni cha amri. Mtafutie leso iliyoandikwa kwa kile Kiswahili tunachobembelezea watoto.

Nikikumbuka mkono wako, mimi,
Baba Zaituni