Vizibo Tatu

Aveba, 12/3/2006

Kwako mutoto wangu Lionel,

Jambo sana. Siye huku tunaamuka muzuri. Koko yako, muzee Ambroise, anakusalimia, kifua inamusumbua na dawa anakatala. Shangazi Wivine anakusalimia, anauliza utaoa lini. Dada yako Huguette anakusalimia. Mudogo yako Blaise anakusalimia mara mbili, juu anangoja ile maillot ya mupira ulimuahidi. Na weye, unakula? Unalala muzuri?

Kila samedi, Jumamosi ya emission yako ya mupira, tunakusikia ku radio, antena tunaifunga ku bati. Moyo inafurahi. Lakini kuko kitu inanisumbua. Watoto wanatuma vizibo vya chupa za ile sucré, soda ya patron wako, na jina yao, weye unasoma jina, unasoma na kiwanja yenye wanachezea, na saa. Blaise ulimupa jina Pikipiki, eti hakuna mwenye kumushika mbio. Sasa Aveba yote wanamuita vile. Mwanangu, si watoto tu ndio wanasikiliza. Wale ya pori, wenye bunduki, nao wanapenda mupira. Na wanatafuta watoto gani ya kuchukua? Wenye mbio. Acha kusoma majina, nakuomba kwa maziwa yenye nilikunyonyesha.

Ujibu upesi, Vital mwenye kubeba barua ku baiskeli yake anarudi huku siku ya jeudi.

Mama yako, Pétronille

Bunia, 2/4/2006

Mama mupenzi,

Jambo. Niko muzima, nakula. Umwambie shangazi ninatafuta bibi ya kuoa mwenye haogope mashangazi.

Mama, weye unaogopa mpaka kivuli. Patron wa sucré anasema vijana hawasikilize maneno ya wakubwa, wanasikiliza jina yao. Mumoja akisikia jina yake, wenzake watano wanakimbia kununua chupa. Nikiondoa majina, emission imekufa, nami nitarudi kulima mihogo. Na watoto wa hapa walichoka kusikia hesabu ya wafu. Samedi wanasikia nani alifunga goli. Hiyo ni mubaya?

Samedi hii nitasoma Pikipiki tena: mazoezi siku ya mercredi, saa kumi, nyuma ya chapelle ya kusalia. Na nitasema kuko watu watamuletea maillot pale pale, mbele ya wenzake. Atacheka mpaka usiku.

Mutoto yako, Lionel

Bunia, 21/5/2006

Mama,

Jambo. Koko iko namna gani? Shangazi? Huguette? Blaise? Tulisikia watu ya Aveba walikimbia vita. Vital alirudi na maillot mukononi, hakukuta mutu. Nilimwambia patron sisomi tena jina wala kiwanja. Alikasirika, alikata saa yangu ya emission nusu. Akate.

Nijibu, mama, hata kama ni kunitukana.

Lionel

Gety, 18/6/2006

Kwako Lionel,

Jambo. Tuko Gety, chini ya bâche ya plastiki. Shangazi Wivine anakusalimia. Huguette anakusalimia. Koko Ambroise tulimuzika ku njia, ni ile kifua. Wenye kukusalimia wameisha.

Wale ya pori walikuja mercredi, saa kumi, nyuma ya chapelle. Wenzake Blaise wanasema walisimama pembeni, wakaangalia mupira, wakapiga hata makofi. Kisha mukubwa wao akauliza: «Pikipiki ni nani hapa?» Blaise akainua mukono, akaenda mbio mbele yao, anacheka. Lionel, alizania ni watu ya maillot, akaenda nao.

Sikukujibu juu nilikuwa na hasira, na hasira ya mama haifai kuandikwa. Sasa imepungua kidogo.

Mama mumoja mwenye walimubebesha mihogo alitoroka, akafika hapa. Alimuona Blaise. Iko muzima, amekonda. Ndiye anabeba radio ya mukubwa. Samedi wanasikiliza emission yako, yeye anakaa karibu sana. Walimwambia siye wote tuliungua ndani ya nyumba. Ndiyo maana hakimbii. Akimbilie nani? Na mbio anayo.

Basi nakuomba kile nilikukataza. Samedi soma majina. Usiseme Blaise, usiseme Pikipiki, usiseme Gety, mukubwa wao iko na masikio. Useme hivi tu: waliotuma vizibo wiki hii ni Huguette, Wivine na Pétronille. Wengine watazania ni wasichana wa mupira. Yeye atajua.

Ili usiseme uongo ku radio, niliokota vizibo tatu hapa kambini. Viko ndani ya hii barua, nimeviosha.

Patron akikatala majina bila kiwanja, umwambie mama mumoja atakunywa sucré yake mpaka kufa. Lakini ujibu upesi, samedi isipite. Huguette ameshaazima radio ya jirani, hataki kuirudisha.

Mama yenu, Pétronille