Kengele Saba Bila Fa

Jumapili, 3 Novemba 1968

Kengele zimepandishwa mnarani leo baada ya misa. Saba! Zilitakiwa nane. Ya nota ya fa ilipasuka huko huko Ulaya walipokuwa wanaitengeneza, watatuma nyingine mwakani. Mwalimu Adelard wa kwaya ameshika kichwa — wimbo wake wa kumpokea Baba Askofu una fa kumi na moja. Nimezihesabu mie, pale kwenye benchi, mwanangu Rosalia ananyonya. Padre akauliza nani mwingine anajua nota. Wote wakanigeukia. Nimesoma darasa la sita tu, kwa masista, lakini nota nazijua. Nimekubali kupanga wimbo utakaofaa kengele hizo. Baba Askofu anakuja tarehe 24, wiki tatu zinatosha.

Jumanne, 5 Novemba

Chupa saba za soda uani, nimezitia maji kidogo kidogo mpaka kila moja imekaa kwenye sauti ya kengele yake. Rosalia anaota meno. Hakulala, sikulala.

Bibi Bahiya, mwenye nyumba wetu, katoka na kahawa yake: "Mama Rosalia, ukimaliza kuwalisha hao wa kioo, njoo umchukue huyu wa damu." Lakini akakaa kusikiliza. Kila nilipopiga wimbo wa Adelard nikaweka re mahali pa fa, akakunja uso. "Hapo pamechechemea." Yeye Muislamu, wimbo wenyewe hajapata kuusikia! Basi. Re haifai.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimepata! Natwanga kisamvu, nikajikuta naimba ule wimbo wa kinu wa kwetu Newala. Nikasimama na mchi juu. Hauna fa! Hauna hata ti!

Nimeupiga kwenye chupa, umeingia wote. Bibi Bahiya mguu unatikisika.

Nikodemu karudi kutoka kazini bandarini, nikamweleza. "Baba Askofu utampokea kwa kinu, mke wangu?" Ndiyo, kwa kinu. Kila siku redio inatuambia tujitegemee — au ni kwa majembe tu? Akacheka, akambeba mtoto. Nikalala saa nzima.

Jumatano, 13 Novemba

Leo nimepanda mnarani mara ya kwanza. Kamba saba zimefungwa kwenye ndimi za kengele, zinashuka kwenye ubao, unavuta moja moja. Rosalia nimemwacha chini na Bibi Bahiya, mbali, ng'ambo ya barabara. Masikio ya mtoto si ya kuchezea.

Vibaya! Zogo tupu, kama soko la Buguruni asubuhi. Chupa ukiigonga inanyamaza, kengele hainyamazi. Ya kwanza bado inalia, ya pili imeipanda, ya tatu juu yao. Nilikosea mie, niliandika kwa kasi ya mchi.

Nimekaa sakafuni na penseli nikafuta. Nota ishirini na nne zimebaki tisa. Halafu nikafuta na jibu lote. Wimbo wenyewe ni wa kuulizana: mmoja anauliza nani yupo kinuni, wenzake wanajibu, tupo. Kengele iulize. Kisha mapigo manne matupu. Watu wajibu wenyewe.

Nimepiga hivyo. Safi! Sauti ikaelea, ikangoja.

Maziwa yalikuwa yameshalowesha gauni. Nikashuka mbio.

Jumamosi, 16 Novemba

Padre kakubali: kwaya itaimba wimbo wa Adelard, kengele zitapiga wa kinu Baba Askofu akiingia. Adelard hakufurahi. "Dada Demetria, huo wimbo wa jikoni." Nikamwambia Baba Askofu naye anakula ugali. Padre akageuka upande, nadhani alicheka.

Ijumaa, 22 Novemba

Mazoezi ya mwisho. Kinamama wamejaa kwenye bomba la maji chini ya mnara, nusu yao watu wa kusini kama mie. Nikapiga swali. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne.

Kimya.

Nikapiga tena. Ndoo tu zinalia.

Adelard yuko nyuma yangu. "Umesahau hapo?" Sijasahau, hapo wanajibu. "Nani?" Walio chini. Akachungulia dirishani, akatega sikio kwa mkono, kwa madaha kabisa. "Labda wamejibu kwa barua."

Nimeshuka uso unaniwaka. Padre kasema kwa upole: Demetria, Jumapili wakinyamaza hivi itakuwa aibu, hayo mapigo manne yajazwe kengele. Nikasema hapana, Padre. Nikijaza, kengele inajiuliza na kujijibu yenyewe. Akasema nifikiri.

Jioni Bibi Bahiya kanipa habari za pale chini. Somoe, anayeuza mihogo karibu na bomba, midomo ilikuwa inamcheza. Mwenzake akamkanyaga mguu: "We, unataka kuimba wimbo wa kinu kwenye kanisa la watu?"

Kumbe wanaujua! Wanaogopa tu.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimekwenda kununua mihogo. Nikamwambia Somoe, yale mapigo manne ni yako, na ya mwenzako aliyekukanyaga. "Mie Muislamu, Mama Rosalia." Nikamwambia kinu hakina dini. Akanifungia mihogo, akaongeza mmoja.

Sikumbembeleza. Akiimba kwa kubembelezwa si jibu.

Jumapili, 24 Novemba

Naandika mnarani, nyuma ya karatasi ya nota, nitaibandika daftarini nyumbani. Rosalia kanyonya akashiba, yuko kwa Bibi Bahiya. Watu wamejaa mpaka barabarani. Bombani pia — naona vitambaa vya kichwa, sioni nyuso.

Adelard yuko hapa. Kashika kamba ya kengele ya la. Anasema Padre kamruhusu: pakiwa kimya, ajaze. Nimemuuliza, Padre kasema baada ya pigo la ngapi? Kumbe hakumuuliza hilo. Yeye anataka baada ya pigo la pili.

Nimemwambia la nne, mwalimu. Shika kamba, usivute. Ukivuta la pili nakung'ata mkono, Baba Askofu atasikia kilio chako badala ya kengele.

Kacheka. Lakini kalegeza.

Wimbo uko sawa, huo naujua. Wao ndio sijui.

Gari limesimama. Padre anapunga kitambaa. Naweka penseli, nashika kamba.