Nilisema "Dawa ya Utafiti", Wakasikia Imethibitishwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumapili, kwa sababu siku hiyo shemeji yangu amepanga kujichoma sindano kwa kuamini maneno yaliyotoka kinywani mwangu.

Mimi ni mzee, nilivuka ziwa kutoka Uvira mwaka 1996 na mke wangu, ambaye sasa ni marehemu, na Mzee Eliakimu wa Rusimbi akatupa chumba bila kutuuliza tutaondoka lini, naishi hapo mpaka leo, na kwa kuwa nasoma Kifaransa na Kiingereza majirani huniletea karatasi za dawa niwasomee, kazi ninayoipenda maana ndiyo iliyobaki ya ualimu wangu. Mwezi uliopita Pastory, mtoto wa Mzee Eliakimu, alinikuta mwaloni Kibirizi kwa wauza dagaa, ana vichupa vya unga mweupe wa kuyeyusha na kujichoma, alivyoagiza mtandaoni, anaviita peptidi, anasema vinaponya bega na goti, akaniomba nisome lebo mbele ya wabebaji wa mabeseni ya dagaa, nami nikaona Kiingereza kinachosema ni ya kufanyia utafiti tu, nikafupisha, "Ni dawa ya utafiti," nikimaanisha bado inachunguzwa, kumbe wao wamesikia imeshachunguzwa ikakubalika, na Pastory akadakia, "Mmesikia? Mzee Isaka kasoma! Nyie mnasoma nini, bei ya dagaa?" Wakacheka, nikakosa pa kuingilia.

Shemeji yangu Dorotea, ambaye bega lake limechakaa kwa kubeba mabeseni, ameshachukua kichupa, na nilipomwambia asubiri akanijibu, "Shemeji, jana dawa, leo sumu? Au unamwonea wivu mtoto wa watu?" Pastory naye anasema hata insulini ya wagonjwa wa kisukari ni peptidi, na ni kweli, nimesoma, hapo ndipo ninapoishiwa maneno. Nikimkanusha hadharani nitakuwa mgeni aliyepokewa na baba akamwaibisha mwana. Nikinyamaza, Dorotea atajichoma. Nifanye nini?

Isaka, Rusimbi

Mzee Isaka, shikamoo. Nakuheshimu, kwa hiyo sitakuzungusha. Hukusema uongo, lakini uliona ulivyoeleweka ukakaa kimya mbele ya wabebaji mwezi mzima, na sasa kimya chako kinauza vichupa kuliko domo la Pastory.

Kuhusu insulini: peptidi ni jina la ukoo, minyororo mifupi ya vijenzi vilevile vinavyounda protini. Insulini imo. Imepimwa kwa watu wengi kwa miaka mingi, kipimo chake kinajulikana, imesajiliwa, na daktari ndiye anayeiandika. Kuwa wa ukoo mmoja hakumpi ndugu sifa hizo. Peptidi nyingi zinazouzwa mtandaoni za kuponya maungo zimejaribiwa zaidi kwa wanyama wa maabara. Kwa binadamu ushahidi ni mdogo mno kusema zinaponya, au kwamba hazidhuru. Tena kichupa kisichosajiliwa, hatujui kama kilichomo ndicho kilichoandikwa, wala kama ni safi kiasi cha kuingia mwilini kwa sindano. Usimwambie Dorotea ni sumu. Hapo atakukamata, maana hilo nalo hulijui. Mwambie hatujui, na kwamba mwili wake si mahali pa kujulia.

Nenda kwake leo, usingoje Jumapili. Msomee lebo nzima, kisha mpeleke hospitali bega lipimwe, maana huenda linahitaji mapumziko na mazoezi ya viungo, na beseni jepesi. Kama kuna mbebaji ameshajichoma akaona uvimbe, homa, vipele au pumzi kubana, aende hospitali mara moja na kichupa chake mkononi.

Ukitoka hapo, mwone Pastory nyumbani, mkiwa wawili. Mpe nafasi ya kusimama nawe Kibirizi na kusahihisha, na vichupa avipeleke kwa mfamasia wa wilaya. Akikataa, nenda peke yako, usimame palepale uliposimama siku ile.

Na huo ugeni, Mzee wangu, uweke chini. Mgeni haletewi dawa za watoto wa watu azisome. Mzee Eliakimu alikupa chumba. Usimlipe kwa kumtazama mwanawe akiumiza majirani.

Lebo ilisema "ya kufanyia utafiti tu". Ulitafsiri yote ukaacha neno moja dogo, la mwisho. Nenda ukalirudishe.