Jina Ulilolikataa

Papa Anselme, mwalimu wangu,

Orodha yetu bado ipo. Najua hilo ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama nimekula.

Vita vya mashariki havijaisha. Familia zinaendelea kufika Kisangani, na ukumbi wa parokia umejaa. Tunaandika majina yao kwa kompyuta zile nne, na programu yetu inatunza kila toleo la orodha, ili mtu akikosea turudi nyuma. Lakini kuna amri moja isiyorudi nyuma, ile ya kutupa yote yaliyoandikwa tangu toleo la mwisho. Mimi niliipa jina “safisha”. Fupi, zuri, nikajisifu.

Wewe ukamwita Mama Odette wa mlangoni, muuza chikwangue za muhogo, ambaye hajawahi kugusa kompyuta. Kila jina la amri lilipitia kwake, na mimi nilikuwa naona aibu. Ukamwuliza, “Mama, ukisikia ‘safisha’, unawaza itafanya nini?” Akajibu, “Itatosha buchafu, itauondoa, donc. Vitu vyenyewe vitabaki.” Ukanigeukia: “Bon, Noëlla, umesikia.”

Nilikasirika, Papa. Nilikuambia watu wanalala chini na sisi tunabishana juu ya neno. Nilikuambia unatupotezea muda. Wiki ile ile malaria ikakupeleka hospitali, na hukurudi. Sikukuomba radhi. Hilo linaniuma mpaka leo, na sijui niliweke wapi.

Sikujua kwamba kabla ya kulazwa ulikuwa umelibadilisha jina lile mwenyewe, kwenye programu na kwenye karatasi ya amri iliyoko ukutani: “tupa-majina-mapya”. Refu mno. Nililiona baada ya mazishi, nikaliacha kwa huzuni tu, si kwa kukubali.

Juzi Clémentine, anayeandika majina, alitaka kuondoa yale yaliyojirudia. Akasoma karatasi, akaja kwangu: “Yaya, dada yangu, natafuta ya kusafisha liste, siioni. Kuko tu hii ya kutupa majina mupya. Mi sitaki kutupa mutu.”

Papa, nikaenda kuisoma tena karatasi ile. Kwa “safisha” yangu angebonyeza bila wasiwasi, na familia zote za asubuhi ile zingepotea, zikiwa tayari zimetawanyika mjini kutafuta pa kulala. Mmoja wao alikuwa mama kutoka Butembo, aliyepotezana na binti yake njiani. Jana binti alifika dirishani, akataja jina la mama yake. Clémentine akalitafuta. Lilikuwepo.

Nililia mbele ya watu wote. Wakadhani nalia kwa ajili yao, na ni kweli pia.

Asante, Papa. Asante kwa ukaidi wako, na kwa kunisahihisha bila kunidharau. Pumzika. Kesho nina amri tatu zinazosubiri majina, na kila mtu ananiharakisha. Nakuahidi nitachelewa.

Noëlla