Kinyozi, Taulo na Ngazi Kumi na Nne

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi basi marahaba, naomba unisaidie kabla mke wangu hajahama. Mimi ni kinyozi, mwaka wa thelathini na nane huu nashika mkasi, na kisa kilianza miaka mitatu iliyopita mama watoto alipopatwa na baridi yabisi ya magoti, na mimi, Mungu anisamehe, nikayageuza magoti yake kuwa burudani ya wateja, nikiwaambia mke wangu anatembea kama meza yenye mguu mmoja mfupi, na kwamba wanawake wanapenda mno kukaa, mwanamume anayesimama kutwa hawezi kuumwa viungo, nao wakicheka mpaka nawaomba watulie nisiwakate masikio.

Mwaka jana yakanikuta mimi. Yalianza vidoleni, asubuhi mkasi unakuwa mzito kama nyundo, kisha magoti, nikawa nanyoa nimekaa kwenye stuli na kuwaambia watu ndio mtindo wa kisasa, mpaka siku mkasi uliponiponyoka ukatua kati ya mapaja ya mteja, naye akaondoka na kichwa nusu hakijanyolewa. Nikaenda zahanati kwa siri, daktari akanipa dawa ya kuchua na kunipeleka kwenye kikundi cha mazoezi katika ukumbi wa nyuma, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa tatu asubuhi. Mshauri, mwanamume ni mimi peke yangu na kina mama kumi na mmoja, wananiita Bwana Harusi, tunainuka vitini bila kushika popote, tunaminya sponji, tunasimama kwa mguu mmoja tukishikana mikono wawili wawili, na sikufichi, mwezi wa nne sasa nafunga vifungo vya shati mwenyewe na nimerudi kunyoa nimesimama.

Nyumbani nasema naenda kununua nyembe. Nyembe mara tatu kwa wiki, hata jeshi zima lisingezimaliza. Mwanzoni mwa mwezi huu mteja mmoja akaniona mlangoni pa ukumbi nimeshikwa mkono na mama mmoja mwenye kicheko kikubwa, na habari ikafika nyumbani kabla yangu. Mke wangu hakugomba. Alikuwa anashuka ngazi zetu kinyumenyume kama kawaida yake, zote kumi na nne, ameshika ukuta, akasema tu, "Mwisho wa mwezi nahamia kwa dada. Nyumba yake haina ngazi." Tangu hapo hanisemeshi, ingawa taulo yangu ya jasho, ninayoificha chini ya mkoba wa mikasi, kila Jumapili naikuta imefuliwa na kukunjwa. Sina mwanamke mwingine, naapa. Nimweleze vipi aniamini, bila kumwambia kwamba naumwa ugonjwa niliomchekea?

Ni mimi, Bwana Harusi wa Kulazimishwa

*

Bwana Harusi, marahaba. Pole kwa vidole, na hongera kwa vifungo vya shati. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka, ya pili nikakasirika. Unashika vichwa vya watu kutwa, na cha mkeo hujui kilichomo. Mwanamke anayeshuku hawara hafui taulo ya ushahidi, akaikunja na kuirudisha mafichoni. Taulo hiyo inanuka dawa ya kuchua, na harufu hiyo anaijua kuliko wewe, ameipaka miaka mitatu. Anajua unaumwa. Na angekuwa anahama kwa sababu ya hawara, angemtaja hawara. Mkeo ametaja ngazi.

Kinachomuuma si mama mwenye kicheko. Ni kwamba miezi minne umejua kitu kinachopunguza maumivu, ukampita palepale anaposhuka kinyumenyume, ukaenda "kununua nyembe". Uliogopa kuchekwa, wewe, wakati yeye amechekwa miaka mitatu kwa kazi ya mdomo wako. Hapo, baba, umeniudhi kweli.

Sasa fanya hivi. Leo, kabla hujaoga, kaa kwenye ngazi ya chini kabisa na umwambie, "Mama, naumwa viungo kama wewe. Nilikucheka. Nisamehe." Ukijisikia unaingiza "lakini", anza upya. Akicheka, mwache acheke mpaka achoke, amengoja sana zamu yake. Kesho mpeleke kwa daktari ayaone magoti yake kabla hajaanza zoezi lolote, maana lako huenda si lake. Mwite seremala aweke mbao ya kushikia kwenye hizo ngazi. Miaka mitatu ukuta umefanya kazi yako. Jumamosi duka likijaa, waambie wateja wako meza ya mguu mfupi ni nani hasa. Na huyo wa mkasi wa mapajani mnyoe bure.

Daktari akiridhia, Jumatatu tokeni pamoja saa mbili na nusu, kwa mwendo wake yeye, si wako. Kina mama watakuuliza huyu nani. Waambie ndiye bibi harusi, amechelewa kwa sababu yako.

Beba taulo mbili. Mkirudi, zifue wewe. Vidole vilivyoweza kuminya sponji kwa siri miezi minne havishindwi na taulo ya mkeo.