Nimemchorea Farasi Nyumba

Jumapili, Julai. Baridi, na mawingu yamekaa chini kama yanataka kuingia ndani.

Jua halijatoka kabisa leo hapa Umoja. Nimejifunga leso mbili, kucha zimejaa chokaa, mgongo unauma, lakini moyo umetulia. Sijaandika hapa kwa muda. Leo asubuhi tumewahamisha farasi wa mdogo wangu kwenye banda jipya, na nataka niyaandike haya kabla hayajapoa.

Kwa asiyenijua: mimi nachora ramani za nyumba. Si majumba ya kifahari. Ni ghorofa za kupangisha, hizi zinazoota kila siku kutoka Kayole hadi Dandora. Kila mwenye ploti huniuliza swali lile lile: "Vyumba vingapi vitaingia?" Nami nimekuwa hodari wa kuviingiza.

Mdogo wangu Barasa ana farasi watatu. Kwa miaka mingi alitunza farasi wa mbio upande wa Ngong Road. Kazi ilipokwisha, akarudi kwetu Eastlands na jike mmoja aliyekwisha kustaafu, jina lake Pendo, kisha baadaye akapata wengine wawili. Jumapili na sikukuu huwaleta kwenye viwanja vya mitaa yetu, watoto wakapanda na wazazi wakapiga picha. Siku nyingine wanakaa Ruai, kwenye kipande cha ardhi walichonunua yeye na mkewe. Banda lao la kwanza alilijenga mwenyewe kwa mabati na mbao za mjengo. Lilikuwa jembamba, lenye giza, na mchana lilichemka kama sufuria.

Wakati wa masika, asubuhi moja, alinipigia simu. Sauti yake sikuitambua.

"Dada, Pendo amekwama. Anakufa."

Nilipofika, nilimkuta Pendo amelala chali karibu na ukuta, miguu imekunjwa dhidi ya mabati. Alikuwa amelala usiku, akajaribu kujigeuza, na chumba hakikumpa nafasi. Farasi hawezi kuinuka bila kunyoosha miguu ya mbele, na akikaa hivyo kwa muda mrefu, mwili unamwelemea, anakata roho. Jasho lilikuwa limemfanya mweusi. Kwenye mabati kulikuwa na damu mahali alipopiga kwato.

Barasa alikuwa amepiga magoti karibu na kichwa chake, anamwimbia wimbo wa nyumbani. Anamwimbia, jamani.

Mkewe, Nekesa, ndiye aliyekimbia barabarani akarudi na vijana wa bodaboda. Tuling'oa mabati ya ukuta ule. Barasa akapitisha kamba kwenye miguu iliyokuwa upande wa ukuta, akatuonya tukae mbali na kwato.

"Nikisema vuta, vuteni pamoja. Akishageuka, kimbieni!"

"Buda, huyu ni farasi ama lori?" kijana mmoja akauliza, na tukavuta.

Mara ya kwanza hakusogea. Mara ya pili kamba ilinichuna viganja. Mara ya tatu Pendo akapinduka kwa kishindo, akanyoosha miguu, akasimama, akitetemeka mwili mzima. Hakuna aliyeshangilia. Tulimwangalia tu anavyopumua.

Barasa aliketi kwenye matope akasema atawauza wote.

Nikamwambia, "Usiuze. Nitakuchorea banda."

Sikuwa nimewahi kuchora nyumba ya mnyama hata mmoja.

Ramani ya kwanza niliichora kwa mazoea. Niliijaza. Korido katikati, vyumba vitano, nyasi kavu juu darini ili kuokoa nafasi. Niliipenda sana. Barasa naye aliipenda, kwa sababu vyumba viwili vya ziada vingemwezesha kuweka farasi wa watu wengine. Tukaenda Ruai na vigingi, kamba na chokaa, tukaichora chini jinsi itakavyokuwa.

Nilisimama ndani ya mistari ile nikaona viganja vyangu, bado vina makovu ya kamba. Nikalala chini. Na sketi yangu ya kanisani, hivyo hivyo.

"Unafanya nini?" Barasa akauliza.

"Mimi ni Pendo. Niambie nigeukie wapi."

Alinitazama, kisha akacheka hadi akashika kiuno. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akicheka tangu siku ile. Alipomaliza, yeye mwenyewe aling'oa vigingi na kuvisogeza. Vyumba vitano vikawa vitatu, kila kimoja futi kumi na mbili kwa kumi na mbili.

Tulibishana juu ya mengine. Yeye alitaka dari ya nyasi ibaki. Mimi nikakataa, maana cheche moja huko juu ingewasha moto juu ya vichwa vya farasi. Nyasi zikapewa kibanda chake, mbali kidogo. Mimi nilitaka milango ya kufungukia ndani. Yeye akasema farasi akilala mlangoni utamfikiaje? Ikawa milango ya kuteleza. Tuliacha upenyo kileleni mwa paa ili joto na harufu ya mkojo vipate pa kutokea. Sakafu ikapewa mteremko mdogo kuelekea mtaroni. Bomba la maji likawekwa katikati, na kila farasi akapata dirisha la kulia chakula linalofunguka koridoni, ili Nekesa aweze kuwalisha wote bila kuingia chumba hata kimoja. Nekesa ndiye hulisha asubuhi. Ajabu ni kwamba hatukuwa tumemuuliza hadi alipotuuliza sisi kwa nini hatumuulizi.

Leo tulimleta Mama kuona.

Hapa kuna jambo ambalo sikumwambia mtu. Nilikuwa naogopa siku hii. Mama bado anaishi Makongeni, kwenye chumba kile kile alichopewa Baba alipokuwa akifanya kazi reli. Futi kumi kwa kumi. Huko ndiko alikotulea, watoto watano, pazia moja katikati. Na mimi, binti yake anayejua kuchora, nimechora nyumba pana kwa ajili ya farasi.

Pendo aliingia chumbani mwake bila kusukumwa. Alinusa maranda tuliyomtandikia sakafuni, akazunguka mzunguko mzima, akapuliza pua. Mama alisimama mlangoni, mkoba kifuani. Alitazama kuta. Akatazama paa. Nilijua anapima.

"Nafula," akaniita, "hiki ni kikubwa kuliko chetu."

"Ndiyo, Mama."

Barasa alianza kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

"Ninyi mlilala watano," Mama akasema, "na hakuna aliyekwama." Kisha akacheka, akamgusa Pendo shingoni kwa ncha za vidole, kwa woga kidogo. "Lakini hewa! Hewa ya hapa ni nzuri. Siku zote nilimwambia baba yenu, hawa watoto wanakosa hewa."

Alilisema kwa wepesi, kisha akamwomba Nekesa chai.

Mimi nilibaki pale. Sikulia. Nilisikiliza tu Pendo akitafuna.

Sasa niko mezani kwangu. Kesho asubuhi nakutana na mteja mwenye ploti nyembamba kule Kayole. Anataka vyumba vinane kila ghorofa, na vile vya katikati, kwa hesabu yake, havitakuwa na dirisha hata moja. Akinisikiliza, vyema. Asiponisikiliza, atapata mchoraji mwingine kabla ya saa sita, tuko wengi.

Kalamu ninayo mkononi. Nitaanza na madirisha.